Fungu la Mgawaji

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mama angenigombeza nikianza bila salamu.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ya mjini ni ipi hasa, nikakujibu kwa mkato. Chuoni kwetu kuna kompyuta moja kubwa, seva, na ndani yake tumeunda kompyuta nyingine zisizoshikika kwa mkono: ya matokeo, ya maktaba, ya mishahara. Zote zinakula memori ya hiyo moja, na mgawaji ni mimi.

Wiki iliyopita watu wa maktaba waliomba waongezewe. Kilichobaki kilikuwa fungu la seva yenyewe, na seva ikikosa, zote ilizozibeba zinakwama. Nilikuwa nimeshaanza kuwapa, nikakukumbuka wewe. Nikaacha.

Uligawa mashamba ya ukoo kule juu ya Bigwa, kila dada yako na lake, maana kwetu ardhi hufuata mama. Mama mdogo alipoachika na kurudi, ukampa hata kipande chako cha kando ya kijito. "Kutoa ni moyo, mpwa wangu," ukaniambia. Tangu hapo ulipita kwetu saa za chakula, ukakaa barazani.

"Kaka, karibu ule," mama alikuita.

"Nimeshakula."

Hakuna aliyekuamini, na hakuna aliyekubishia. Ulikonda, ukalala kitandani, hukuinuka tena, na mipaka ikaanza kugombaniwa, kwa sababu mwamuzi alikuwa wewe peke yako. Nilikukasirikia, Mjomba. Mpaka leo nina hasira kidogo.

Sasa ukoo umeniweka mahali pako. Mama mdogo amehamia Mzinga kwa mwanawe, amekirudisha kipande cha kijitoni. Dada zangu wote wanakitaka. Niliwaambia hiki ni cha anayegawa, hakigawiwi. Mmoja akasema, "Mjomba hakuwa mchoyo hivi." Nikaenda kupanda maharage.

Jumapili nilishuka kutoka shambani, udongo miguuni, nikamkuta mama anapakua ugali. Akaniuliza kama nimekula. Jibu lako lilikuwa limeshafika mdomoni, Mjomba, na yeye akasimama na mwiko mkononi, akinitazama kama alivyokuwa akikutazama wewe.

"Bado, mama," nikasema.

Akageuka upesi, akafuta macho, akaniongezea.

Pumzika, Mjomba. Kijito bado kina maji.

Mpwa wako