Lori Lenye Miguu Mipana

Nyahururu, Juni 1996, mwaka wa nne tangu vita vya makabila vitutoe Kipkelion.

Mjukuu wangu Mwangi,

Shosho, nyanya yako, ni mzima, anakusalimu. Umeuliza ununue lori gani la kuinulia mafundi wa stima hadi kwenye nyaya. Ujanani nilikuwa fundi kama hao kwenye shamba la majani chai, na muuzaji mmoja alitusifia lori lenye mkono mrefu wa kumwinua mtu. Dereva wetu, Kiplangat, akamwambia, "Lisimamishe kwa matope, halafu upande wewe kwanza."

"Mzee, mimi nina watoto!"

"Kwani huyu fundi wangu amezaa kuku?"

Tukachukua jingine, la mkono mfupi, lenye miguu mipana ya kuegemea. Miaka yote Kiplangat aliendesha mkono akiwa chini, nami juu sikuogopa. Basi usichague lori tu, mchague pia mtu atakayebaki chini kuuendesha mkono.

Kiplangat bado yuko Kedowa, karibu na Kipkelion, na huniita nirudi. Nampenda, lakini sitarudi.

Babu yako, Guka