Mizigo Ambayo Sikuipokea

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku Kirua tu wazima. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na jana alishinda shambani akipalilia kahawa.

Unauliza uandae nini siku ya kuwakaribisha wazazi wa darasa la kwanza, shule zitakapofunguliwa. Mimi, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, niliandaa kila kitu: nilipanga madawati, nikabandika michoro ya watoto ukutani, nikaandika KARIBUNI ubaoni. Kisha nikakaa mezani kuwasubiri. Dirishani niliwaona akina mama wamesimama uwanjani, mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani. Nikadhani wanapumzika tu. Baada ya muda wakaondoka.

Kesho yake mtoto mmoja, Anjela, hakuniamkia. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu akiangalia chini, "Mama alikuja, Mwalimu. Hakupokewa mzigo."

Neema, mimi nimezaliwa hukuhuku. Nilijua vizuri kwamba mgeni haingii na mzigo wake. Mwenyeji hutoka akampokea. Ila siku ile nilijiona mwalimu, nikasahau kwamba mwenyeji ni mimi.

Jioni nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama Anjela aliniona nikiwa bado njiani. Kabla sijapiga hodi alikwisha kutoka kwenye migomba, akanipokea mkoba wangu mkononi.

"Pita ndani, Mwalimu," akasema. "Hapa hatusimamishi mgeni."

Bibi yako