Sijawahi Kukuona Ukichora

Rafiki yangu Odu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya studio, mlango wazi, maana hakuna tena wa kuulinda. Ungeniona ungenigombeza. Wewe na huo mlango wako! Chumba kimoja cha mabati hapa Laini Saba, wachoraji wawili, na sheria yetu ilikuwa moja: mmoja akiwa ndani na kazi, mwingine anakaa nje kwenye kreti ya soda anafukuza watu. "Yuko kazini, kuja kesho." Hata mimi sikuruhusiwa kuchungulia. Ulisema mtu akikutazama ukichora, mkono unaanza kuchora kwa ajili yake.

Nilikucheka, nikasema unajifanya mganga. Lakini nilikaa pale nje miaka yote ile, nikisikia brashi yako ikigonga kopo na wewe ukijiimbia vibaya.

Kisha ikaja Januari na ghasia za uchaguzi. Ulitoka asubuhi kutafuta unga, siku maduka machache yalipofungua, na risasi haikuuliza nani anatafuta unga na nani anarusha mawe. Niliambiwa na muuza makaa wa hapa jirani. Niliendelea kukaa kwenye kreti. Sijui nilikuwa namlinda nani, Odu.

Haikuishia hapo. Wanasiasa wa kwetu Ukambani walipoingia upande wa serikali, vijana wa hapa, wafuasi wa upinzani, hawa hawa uliowaandikia majina ya vibanda vyao bure, wakanisimamia mlangoni. "Nyinyi mlituuza. Ishia, rudi kwenu." Kwetu ni wapi? Mimi nimezaliwa Kianda, hapa hapa Nairobi. Nikakimbilia Kawangware kwa shangazi, na huko nako nyumba zilikuwa zinaungua. Ulipopelekwa kwenu ziwani kuzikwa, ndugu zako walinitumia ujumbe nisipande gari, kwamba barabarani watu wanaulizwa majina ili kabila lao lijulikane. Kwa hiyo sikukuzika.

Kwa shangazi nilijaribu kuchora nyuma ya pazia. Ana roho nzuri, lakini kila mara alilifunua kuuliza kama nimekula. Viongozi walipopeana mikono nikarudi hapa, nikidhani nitapata utulivu. Nimeupata mwingi, unanimaliza. Nakaa mbele ya kitambaa cheupe mpaka jua linahama ukuta na sijaweka hata doa. Upweke wako ulikuwa mtamu kwa sababu mtu alikuwa nje. Wangu hauna mtu. Kuna siku nilifungua makopo yote ya rangi, nikayafunga tena, nikalala sakafuni.

Wiki iliyopita mama yako akaja kuchukua vitu vyako. Nilidhani ataninyima salamu. Alinishika mikono, akaniita nyathina, mtoto wangu. Akasema picha pekee aliyonayo ni ya kitambulisho, na humo umenuna kama umekamatwa.

"Nichoree yeye akiwa kazini," akasema. "Watu wa nyumbani wananiuliza alikuwa anafanya nini huku Nairobi, na mimi sijawahi kuona."

Nikakubali. Ningekataaje? Alipotoka kwenda kwa mwenzake wa kanisa anakolala, nikachukua kipande cha makaa cha kuchorea nianze, na hapo ndipo nilipokwama. Nakijua kikohozi chako. Naujua mgongo wako ukiingia na uchovu wako ukitoka. Lakini uso wako ukichora sijawahi kuuona hata mara moja. Uliufungia humu ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nalinda. Nikachora mtu, nikafuta, nikachora mwingine, wote wageni. Nilikukasirikia, Odu. Nilikutukana kwa sauti mpaka muuza makaa akaja kuuliza kuna nini.

Jana nilimwambia mama yako ukweli. Akavuta stuli yako akakaa, akachukua brashi yako iliyokauka, akataka nimwonyeshe mtu huishika vipi. Hakuna aliyewahi kukaa ndani wakati mmoja wetu anafanya kazi. Nikamwacha. Akainamia kitambaa kama mtu anayechora, mdomo ukamwendea upande mmoja, paji la uso likakunjana, na ulikuwa wewe. Nikamwomba asisogee. Akauliza kwa nini nalia, nikasema ni harufu ya tapentaini ya kuoshea brashi.

Tulikaa hivyo mpaka mwanga ukaisha. Alinitazama muda wote, na mkono haukukataa. Leo nimemaliza uso. Unisamehe, nimevunja sheria yako, na sidhani nitaweza kuirudisha.

Rangi ikikauka nitaileta picha mwenyewe mpaka kaburini kwako. Sikufichi, naogopa. Vita vimeisha redioni tu. Macho ya watu bado yanauliza. Lakini mama yako amesema tutakaa kiti kimoja njia nzima, na atakayetaka kujua mimi ni nani atajibiwa na yeye.

Pumzika, Odu. Sikukuzika, lakini nakuja.

Mwende