Goli la Limbu

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Bariadi hatujambo. Bibi yako amemaliza kuvuna mpunga, na yule ng'ombe mwekundu amezaa mapacha, basi nyumba nzima ni kelele.

Umeniuliza mchezaji bora wa kikapu apimwe kwa pointi au kwa vikombe. Nimecheka, maana swali hilo liliwahi kunivua ubingwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja, mmoja alitutengenezea uwanja. Mimi nilifunga kuliko wote, lakini watu wakabisha kwamba bora ni Limbu, mtoa pasi. Tukaamua kama kwenye ngoma zetu: tucheze wakati mmoja, kila mtu na goli lake, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi.

Nikaruka, nikafunga, watu wakajaa kwangu. Limbu alimpa mpira kila aliyesogea, hata mama muuza karanga. Aliyeupata hakurudi kwangu. Mwisho nikabaki peke yangu. Kwa Limbu hapakuwa na mtazamaji hata mmoja. Wote walikuwa wanacheza.

Nikavuka uwanja. "Limbu, nipe pasi."

Alinipa kabla sijamaliza kusema.

Babu yako, mfungaji bora.