Saa Iliyosuguliwa ya Bwana Auyeung

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Kowloon
Siku: Jumatano, tarehe 14 Novemba 2018, saa kumi alasiri
Jina: Szeto Yuet-ngo
Umri: Miaka 63
Kazi: Muuzaji wa saa kuukuu za mkononi
Makazi: Sham Shui Po, Kowloon

Nimekuja kwa miguu yangu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo kwa makusudi naweza kushtakiwa, na nimeelewa.

Nina kibanda cha saa kuukuu ndani ya jengo la maduka, Mong Kok, tangu mwaka 1989. Mlalamikaji, Bwana Auyeung Pak-kin, ni mteja wangu. Alikuwa fundi wa injini za meli, sasa amestaafu. Mtuhumiwa, Fundi Lo Sik-wah, anatengeneza saa katika kibanda kinachotazamana na changu. Hao wawili ni marafiki wa miaka mingi, wa kutaniana mpaka mgeni akadhani wanagombana. Fundi Lo humwita mwenzake "Kapteni", ingawa hajawahi kuwa nahodha hata wa mtumbwi.

Saa yenyewe ni Rolex ya wapiga mbizi, ya miaka ya sitini. Mimi ndiye niliyemuuzia Bwana Auyeung mwaka 1994, na ndiyo sababu amenitaja kuwa shahidi wake. Anatarajia niseme kwamba saa iliyopo hapa kituoni si ile, kwamba Fundi Lo ameibadilisha. Ataudhika.

Sajini ameuliza inakuwaje mtu asiitambue saa aliyoivaa miaka yote hiyo. Nitaeleza. Kila Jumamosi mchana wapenzi wa saa hukutana kwenye mgahawa wa chai chini ya jengo letu. Kila mmoja huvua saa yake, huiweka juu ya kitambaa, na zote huzungushwa meza nzima. Vijana huja na saa mpya za dhahabu ambazo bado zina karatasi ya nailoni ya kiwandani.

Bwana Auyeung huwauliza, "Umenunua saa au umenunua nailoni?"

Kuna mmoja alimjibu, "Babu, yangu angalau inang'aa. Yako ilipigwa nyundo?"

"Ilipigwa na ngazi ya chumba cha injini, mkono wangu ukiwa ndani yake. Yako itapigwa na nini, kiyoyozi?"

Kwake yeye, saa ni yale makovu. Lilikuwapo bonde dogo kwenye sikio la kasha, pale mkanda unaposhikwa. Pete ya juu, inayozunguka kioo, ilikuwa imepauka hadi kuwa kijivu. Uso mweusi ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai upande mmoja. Angeweza kuitambua gizani kwa kidole gumba. Na nimemsikia akisema si mara moja wala mbili kwamba mtu anayesugua kasha la saa kuukuu akatwe mikono. Sisi tulikuwa tunacheka tu.

Mnamo tarehe 24 Oktoba nilimwona akimkabidhi Fundi Lo saa hiyo ili mashine isafishwe na kutiwa mafuta. Tarehe 2 Novemba, majira ya mchana, binti yake Auyeung Tsz-ching alikuja kuichukua kwa sababu goti la baba lilikuwa linamsumbua. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliishika saa kabla haijatiwa kwenye mfuko wake wa kitambaa. Makovu yote yalikuwepo, pamoja na lile bonde. Fundi Lo alimpa Ching kwa mikono miwili na kumwambia, "Mwambie Kapteni asiogelee nayo. Raba zake zimezeeka kama yeye." Ching alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu arudi kutoka Canada mwezi wa nane. Alikaa huko miaka sita bila kusemezana na baba yake, na sababu zao ni zao.

Mnamo Jumamosi, tarehe 10 Novemba, saa moja jioni, nilihudhuria karamu ya Bwana Auyeung ya kutimiza miaka sabini na mitano, kwenye mkahawa mmoja mtaa wa Jordan, hapa hapa Kowloon. Tulikuwa meza tano. Fundi Lo alikaa meza kuu, kushoto kwa mwenye karamu, nami nilikaa kulia kwa Ching. Bata wa kuchoma alipoletwa, Ching alisimama akampa baba yake kiboksi chekundu.

Bwana Auyeung alikifungua. Alitoa saa, akaigeuza, akapangusa miwani, akaigeuza tena.

Akasema, "Hii si yangu."

"Ni yako, Baba."

Hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Alimgeukia Fundi Lo. "Sik-wah, saa yangu iko wapi?"

Fundi Lo aliichukua. Aliitazama kitambo, kisha akamtazama Ching, kisha akaiweka mezani taratibu. Akasema, "Leo ni siku yako, Kapteni. Kula kwanza."

"Nakuuliza saa yangu iko wapi! Umeuza yangu, ukanirudishia hili bati la dukani?"

Ching alisimama tena na kusema, "Baba, mimi ndiye..."

"Kaa chini. Wakubwa wanazungumza."

Ching ana miaka thelathini na minane. Alikaa. Fundi Lo alichukua koti lake akaondoka, na bakuli lake lilikuwa bado safi. Mimi sikumtetea, kwa kuwa wakati huo nilidhani huenda ni kweli. Naona aibu kwa hilo.

Jumapili Bwana Auyeung alifungua malalamiko hapa. Jumatatu Fundi Lo aliitwa, akahojiwa, akaachiwa kwa dhamana. Nafahamu kwamba alipoulizwa alijibu hajui lolote.

Jumatatu hiyo hiyo alasiri, nikiwa kibandani kwangu, niliwaona wateja wake wakija kuchukua saa zao. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa na adabu kupita kiasi, na hiyo ndiyo iliyoniudhi. Mmoja alisema anasafiri. Mwingine alisema mke wake ameipenda saa ilivyo, hata kama haitembei. Fundi Lo alimpa kila mmoja saa yake kwa mikono miwili, nyingine zikiwa zimefungwa nusu nusu. Kabla ya jioni droo yake ilikuwa tupu, akakaa anapangusa bisibisi zilizokwisha kupanguswa. Niliumia sana. Sajini, liandike hilo kama nilivyolisema.

Jumanne, tarehe 13, asubuhi, nilimpelekea chai ya maziwa. Nilimuuliza waziwazi.

"Lo, umemwibia?"

"Unaniuliza wewe, Dada Ngo?"

"Nakuuliza ili nisiulize mwingine."

Alikunywa chai kwanza. Kisha akasema, "Ni ile ile. Niliijua mara tu nilipoishika. Wamesugua kasha, wamepaka uso rangi upya, wamebadilisha pete na kioo. Iliondoka kwangu ikiwa nzima. Nani aliichukua kwangu?"

"Ching."

"Basi."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Akanijibu, "Niwaambie nini? Kwamba mtoto ameiharibu saa ya baba yake siku ya karamu yake? Ndiyo kwanza amerudi. Unamjua Kapteni. Akisikia, atatamka neno ambalo halirudi mdomoni, na yule mtoto atapanda ndege kesho yake."

"Na jina lako?"

"Mimi sina ndege ya kupanda. Nitakuwepo." Halafu akaniomba nisimwambie mtu. Nilimwambia yeye ni mjinga. Akasema anajua.

Sikumwahidi. Mchana huo nilimpigia simu Ching nikamweleza kilichompata Fundi Lo. Hakuwa na habari, kwa kuwa baba yake alimwambia tu kwamba mambo yanashughulikiwa. Alilia. Alikiri kwamba alikuwa amemdanganya baba yake kuwa fundi hajamaliza, akaipeleka saa kwenye duka moja ng'ambo ya bandari, akaomba ifanywe mpya. Duka silitaji, walifanya walichoagizwa. Maneno yake yalikuwa haya: "Shangazi, nyumbani kila kitu cha Baba kinang'aa. Viatu, masufuria, hata vitasa. Saa peke yake ndiyo haing'ai. Nilidhani amekosa mtu wa kumfanyia."

Huyo ni mtoto wa fundi wa meli, aliyelelewa kwenye nyumba ambamo shaba husuguliwa kila Jumapili. Sikuweza kumgombeza.

Leo nimeonyeshwa kielelezo na nimeomba kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Fundi anayefungua saa huacha alama yake ndogo upande wa ndani wa kifuniko, kwa ncha ya sindano, pamoja na mwaka. Mwenye saa haioni, wala kitambaa cha kusugulia hakifiki huko. Nimeona alama ya Fundi Lo ya mwaka huu na zake nyingine za nyuma. Chini ya zote nimeona alama ya mwaka 1994. Ile ni ya marehemu mume wangu, Pun, aliyeisafisha saa hii usiku wa kuamkia siku tuliyoiuza. Naujua mkono wake. Niliomba maji kidogo, Sajini akanipa.

Mtu atasema kifuniko kimehamishwa. Mwizi gani humwachia mwenye mali kifuniko chake halisi? Saa hii ni ya Bwana Auyeung. Haikuibwa, imeharibiwa, na aliyeiharibu alikuwa anampenda. Fundi Lo hana kosa. Hataki niseme haya, nami nimeyasema. Akininunia, tutanuniana, vibanda vyetu vinatazamana.

Ching nimekuja naye. Yuko nje kwenye benchi pamoja na baba yake, na bado hajamwambia.

Sina la kuongeza. Nimesomewa yote, yako kama nilivyoyasema.

Sahihi: Szeto Yuet-ngo

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika mimi, Sajini Yau Kwan-ho, na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Nilipotoka nje nilimkuta binti wa mlalamikaji ameshamweleza baba yake. Mlalamikaji aliomba kufuta malalamiko na kurudishiwa saa. Nilimwuliza ana haraka gani na saa ambayo mwenyewe aliiita bati. Alijibu kwamba kesho anaipeleka kwa Lo aitengeneze, na ataipeleka mchana, vibanda vyote vikiwa wazi na watu wakiona. Binti aliuliza kama anaweza kufuatana naye. Baba alimwambia aibebe yeye.