Sahani ya Liza

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Houston? Huku Euless tumeamka salama. Babu yako anahangaika na mchicha wake nyuma ya nyumba, na joto linamshinda.

Umeniuliza kwa nini kila Juni nakwenda Mansfield kula na watu wasio ndugu zetu. Ujanani nilimuuguza huko mama mmoja mzee, Bi Odessa. Wazee wake walikuwa watumwa wa shamba la pamba. Kabla ya vita vilivyokomesha utumwa nchi hii, mwenye shamba aliuza watoto watatu wa mama mmoja wa ukoo wao. Vita vilipokwisha na watumwa wa huku kuachiwa huru, mwezi wa Juni, mama yule alizunguka shamba kwa shamba akiita majina yao. Wawili aliwapata. Wa tatu, Liza, hakuonekana.

Tangu hapo, ukoo ukikutana kila Juni, mzee wao huita majina yale kabla ya kula, na wajukuu wa kila mmoja huitika. Kwa Liza walikuwa wakikaa kimya, sahani yake imepakuliwa.

Mwaka wa kwanza nilioalikwa, Bi Odessa akaita, "Liza!" Kwetu Tanga mkubwa akiita haachwi bila kuitikiwa. Likanitoka tu: "Abee!"

Wote wakageuka. Nikatamani kukimbia. Bi Odessa akauliza nimesema nini.

"Ndivyo binti anavyomwitikia mama yake," nikajibu.

Akainuka na mkongojo wake, akanikabidhi ile sahani.

Nawaheshimu mno watu hawa. Vizazi vyote hivyo, hawajaacha kumwita.

Magoti yangu sasa yanagoma safari. Juni hii njoo tuende wote. Na nikikupigia simu, mama, usiniitikie "yeah". Anza kuzoea "Abee".

Bibi yako