Vali ya Tangi la Tatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha kamba, magoti yametulia na kikohozi kimekupa likizo. Mimi ni mzima, ila shingo inauma kwa uzito wa kamera. Juzi niliongea na Mama kwa simu, na salamu zako zote zilinifikia. Nina maneno yaliyonishinda kuyasema kwenye simu, ndiyo maana naandika. Soma peke yako kwanza, kisha umsomee Mama ukiona inafaa.

Kituo chetu cha kujazia mitungi ya gesi kimepakwa rangi upya. Mafundi wenzako bado wanakuulizia. Wakisikia harufu yoyote, hata ya soksi za dereva, husema laiti Pua, kama walivyozoea kukuita, angekuwepo angemtaja mwenye soksi na saizi ya mguu wake.

Uliwahi kuniuliza kamera inaionaje gesi ambayo jicho haliioni. Kamera inaona joto, Baba. Gesi inayovuja hunyonya joto la kitu kilicho nyuma yake, na kwenye kioo hujitokeza kama moshi mwembamba. Lakini sharti gesi na kilicho nyuma yake vitofautiane joto. Vikilingana huoni kitu, hata kama gesi inakupuliza usoni. Kwa hiyo mpimaji huzunguka, hutafuta pembe nyingine, au husubiri jua lipashe ukuta wa tangi. Kazi hii inataka subira, nami subira nilijifunza nikiwa nimechelewa.

Asubuhi ile ya mawingu bila shaka unaikumbuka. Ulisimama nyuma ya tangi la tatu, ukaweka kidole kwenye vali, ukasema inavuja. Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini, kamera mpya mkononi, na kichwa kimevimba hata kofia ya kazi hainitoshi. Nilielekeza kamera mara moja, kutoka upande mmoja, nikaona ukuta mtupu, nikasema pako salama. Ulitaka kuleta brashi na povu la sabuni kama ulivyofanya kwa miaka thelathini. Msimamizi akakuzuia, akasema mashine imeshasema, na kwamba hata pua huzeeka. Mafundi wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Kidogo tu, lakini nilicheka. Ulichukua ndoo yako ukarudi kwenye mitungi.

Miezi miwili baadaye walitafuta watu wa kustaafisha mapema, na wewe ukawa wa kwanza. Kwenye barua yako waliandika kwamba hisia zako hazifai tena kwa kazi ya gesi. Nilikuona ukiikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma mara ya pili.

Sasa Mama ananiambia kwamba siku hizi huwashi jiko la gesi mpaka umwite aje anuse kwanza. Anasema wiki iliyopita ulisikia harufu ya kuungua ukanyamaza, ukidhani ni pua yako inakudanganya, hadi maharage yakawa mkaa. Alikuwa akicheka alipokuwa akisimulia. Mimi nilikata simu nikalia.

Basi nisikilize, Baba. Siku nne baada ya asubuhi ile nilirudi kwenye tangi la tatu, mchana, jua likiwaka. Nikaelekeza kamera, na moshi ulikuwepo. Ulikuwa ukitoka shingoni mwa vali, pale pale ulipoweka kidole. Niliogopa watasema msichana hajui kutumia kamera waliyompa. Nikachukua spana, nikakaza nati mwenyewe, nikapaka sabuni, na nilipoona povu halitoki nikaenda zangu kula. Sikumwambia mtu. Hata barua yako ya kustaafu ilipokuja, sikumwambia mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka miwili, na sikupumzika hata siku moja.

Picha ya mchana ule kamera iliitunza, pamoja na tarehe yake. Jana nilimpelekea meneja, nikamwandikia kila kitu na kuweka sahihi yangu. Amechukua kamera mpaka watakapoamua, na huenda kazi yenyewe ikaenda. Amesema hawawezi kukurudisha kazini, lakini ile barua yako itaandikwa upya, na yale maneno yatafutwa. Najua maneno hayawezi kukurudishia miaka. Niliogopa kuaibika mimi, nikakuacha uaibike wewe, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana. Nisamehe, Baba. Usiharakishe, nisamehe utakapoweza.

Msalimie sana Mama, umwambie shingo yangu haihitaji dawa zake. Wasalimie na kaka zangu wakipita. Nitafika Jumamosi kwa basi la asubuhi, na kama ni kunigombeza, nigombeze nikiwa nimekaa mbele yako.

Kabla sijafika nina ombi moja. Kesho asubuhi usimwite Mama, mwache alale. Nusa mwenyewe, kisha uwashe jiko.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wako